Kitambaa Kinacholala Juu ya Jeraha

Mimi ni fundi cherehani. Nilizaliwa Kilolo, mkoani Iringa, nikaolewa Mbeya, na sehemu kubwa ya maisha yangu nimeshonea Mwanjelwa. Naandika ushuhuda huu kwa shukrani. Naandika pia kwa sababu najua wako mafundi na wafanyabiashara wengi wa Nyanda za Juu Kusini walio pale nilipokuwa mimi: wana mikono, wana mashine, wanalia kwamba biashara hakuna, na kila siku wanapita mbele ya hospitali bila kuona kwamba mle ndani kuna kazi yao. Mimi nilipita hivyo kwa miaka. Na siku nilipoiona kazi hiyo niliifuata kwa moyo mbaya, hadi mtu ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kunihurumia aliponihurumia.

Kazi yangu ilikuwa magauni ya vitenge, sare za kwaya na sare za shule. Hospitali kwangu palikuwa mahali pa kumpelekea mgonjwa uji. Nilijua kwamba mjamzito akikaribia siku zake huambiwa aandae vifaa: mpira wa kulalia, glavu, pamba, wembe, kibana kitovu, sabuni na kanga safi. Mimi mwenyewe niliviandaa nilipobeba mimba ya kwanza, nikihangaika kimoja duka hili, kingine duka lile. Sikuwahi kujiuliza ni nani anavitengeneza, wala kwa nini vingi vinatoka ng'ambo wakati ndugu zetu wa Simiyu, Shinyanga na Mwanza wanalima pamba, na sehemu kubwa ya pamba hiyo inauzwa nje kabla haijasokotwa wala kufumwa.

Agosti 2017 soko la Sido pale Mwanjelwa liliteketea kwa moto. Nilipoteza mashine na nguo za wateja. Silisemi hili ili nionewe huruma, maana wapo waliopoteza zaidi yangu na wakabaki na mioyo safi. Nalisema kwa sababu ya kilichonitokea baadaye. Nilianza upya kwa mkopo wa VICOBA, na deni likanizoesha tabia mbaya. Kila kitambaa nilichoshika nilikipima kwa kipimo kimoja tu: kitaniachia shilingi ngapi. Nikapunguza uzi, nikafanya pindo jembamba, na mteja akilalamika nikampa maneno matamu.

Ukaja mwaka 2020. Tarehe 16 Machi Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, huko Arusha, na haukupita muda kila mtu Mbeya akawa anatafuta barakoa. Nilichukua mabaki ya vitenge na hata vitambaa vya bitana, nikashona tabaka moja, nikatia lastiki, nikawapa vijana wakauze Kabwe na stendi. Mwezi Juni mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba barakoa ya kitambaa iwe na tabaka tatu, la ndani linyonye unyevu na la nje lizuie unyevu usipenye. Binti aliyekuwa akijifunza ufundi kwangu alisikia habari hiyo redioni akaniambia. Nilimjibu kwamba tabaka tatu ni kitambaa mara tatu, na kwamba mteja hahesabu tabaka. Yeye akanyamaza, akaendelea kupiga pasi.

Barakoa zilipoacha kununuliwa nikawaza: hospitali zina fedha, nizifuate huko huko. Kupitia mtu niliyefahamiana naye nikapata oda ya kituo kimoja ambacho sitakitaja. Walitaka shuka za wodini, gauni za upasuaji, shuka za kumfunikia mgonjwa mezani, na vitambaa vya kufungia vyombo vinavyotakaswa kwa mvuke. Katika maelezo yote yale mimi nilisikia neno moja tu, vitambaa. Nikaenda Kariakoo kutafuta kitambaa cha bei ya chini kuliko vyote, kile kilichotiwa wanga mwingi hata ukikishika unadhani ni kizito. Shuka zilihitaji upana ambao kitambaa changu hakikuwa nao, kwa hiyo nikaunga vipande viwili katikati. Nikakabidhi mzigo, nikapokea malipo ya awali, na Jumapili nikatoa sadaka ya shukrani kanisani. Nilimshukuru Mungu kwa faida niliyoikata kwenye usalama wa wagonjwa.

Baada ya muda nikaitwa. Aliyeniita alikuwa sista msimamizi wa chumba cha upasuaji, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Nilijua kuna tatizo na nilikwenda nimejiandaa kubishana. Nilikuwa na majibu tayari: kwamba wao ndio waliotaka bei ndogo, kwamba wafuaji wao wanatumia dawa kali. Hakunipa nafasi ya kuyasema. Alinipa viatu vya mle ndani na gauni la kujifunika, akaniambia, "Njoo uone kwanza, mwanangu. Ukishaona tutaongea."

Akaanza na gauni zangu. Zilikuwa zimefuliwa kwa majaribio mara chache tu na tayari zimesinyaa, maana sikukifua kitambaa kabla ya kukikata. Mikono ilikuwa imepanda juu ya kifundo, na ukivaa glavu inabaki sehemu ya ngozi iliyo wazi. Kisha akachukua kitambaa cha kufungia vyombo akakiinua dirishani, nami nikaona mwanga ukipenya kila mahali. Akanieleza taratibu. Vyombo vya upasuaji hufungwa kwa tabaka mbili za kitambaa na kuingizwa kwenye mashine ya mvuke, ile otoklevu, kwenye nyuzijoto 121 kwa muda wa nusu saa. Kitambaa kinatakiwa kiruhusu mvuke uingie na kutoka, halafu vyombo vikishatoka kizuie vumbi na vijidudu hadi siku ya kazi. Kikiwa na wanga, mvuke unapita kwa taabu. Kifurushi kikitoka kimelowa kinahesabiwa kichafu chote, kwa kuwa vijidudu husafiri kwa unyevu.

Akakikung'uta kitambaa changu juu ya meza ya chuma. Nyuzi ndogo ndogo zikaanguka. "Hizi zikiingia kwenye tumbo lililofunguliwa," akasema, "mwili haujui pa kuzipeleka. Unaweza kuzizungushia uvimbe, na mgonjwa akarudi baada ya miezi analalamika maumivu." Mwisho akakunjua shuka langu lenye mshono katikati, akapitisha kidole juu ya mshono. Kila tundu la sindano, akasema, ni mlango. Shuka la kumfunikia mgonjwa mezani haliungwi katikati, na likitoboka halishonwi.

Nilimuuliza kama yuko mgonjwa aliyedhurika. Akasema hapana, kwa sababu walivikagua kabla ya kuvitumia na wakaviweka kando vyote. Nilitaka kusema asante Mungu na maneno hayakutoka. Saa ile nilikumbuka jambo ambalo sikuwa nimewahi kulitafakari. Mtoto wangu wa pili nilimpata kwa upasuaji, katika hospitali nyingine kabisa. Nililala mezani nikafunikwa vitambaa vya kijani, na siku chache baadaye nikarudi nyumbani na mtoto mkononi, kidonda kinakauka vizuri. Vitambaa vile kuna watu walivishona. Kuna watu walivifua, wakavikagua, wakavifunga na kuvitia kwenye mvuke. Hawakunijua. Walifanya kazi yao sawasawa, nami nikapona. Nilichopewa na watu nisiowajua, bila hata kuwashukuru, nilikuwa nimekataa kuwapa wenzangu hata kwa malipo.

Nililia pale pale. Sista hakunibembeleza, wala hakunisimanga. Aliuliza tu, "Utavirudia?" Nikasema nitavirudia kwa gharama yangu. Angeweza kuandika taarifa jina langu likafutwa, na angekuwa na haki. Badala yake alinipa muda, na akaongeza jambo ambalo sikuliomba: nifike siku ambazo hakuna upasuaji wa kupangwa, anifundishe.

Nisikufiche, ndugu yangu, kutubu hakukulipa deni. Kurudia kazi bila malipo huku ukidaiwa kunaumiza. Mume wangu aliuza mpunga tuliokuwa tumeuhifadhi kutoka Igurusi. Wenzangu wa VICOBA walinisogezea mbele tarehe ya marejesho, ingawa wengine walinung'unika na walikuwa na haki ya kunung'unika. Kuna usiku nilitaka kurudi kwenye vitenge vyangu niache mambo ya hospitali kwa wanaoyaweza.

Lakini nilijifunza. Nilijifunza kukifua kitambaa na kukikausha kabla mkasi haujakigusa, ili kisinyae kwangu na siyo kwao. Nilijifunza kuchagua pamba iliyofumwa kwa kubana, isiyoachia nyuzi. Siku moja sista aliweka kipande cha pamba ya hospitali juu ya beseni la maji, kikazama papo hapo. Akaweka pamba ghafi, ikaelea. Pamba inapotoka shambani ina nta yake ya asili inayokataa maji, akanieleza, kwa hiyo huchemshwa na kupaushwa ndipo iweze kunyonya damu, na pamba nzuri ya tiba inatakiwa kuzama ndani ya sekunde 10. Mimi nilikuwa nimeshapanga kutengeneza pedi kwa kujaza pamba ghafi ya bei rahisi. Mpango huo niliuacha siku hiyo hiyo.

Alinisimulia pia habari za daktari Ignaz Semmelweis wa Vienna. Mwaka 1847 aliwataka madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwahudumia wazazi, na vifo vya akina mama vikapungua sana. Hata hivyo wenzake wengi walikataa kumwamini. Niliposikia hivyo nilimkumbuka binti yangu wa ufundi na tabaka zake tatu. Nilirudi kibandani nikamwomba radhi. Alishangaa, akasema, "Yamepita, mama."

Ni baada ya hapo ndipo nilipoanza kuliona soko lenyewe. Nilikuwa nimesafiri barabara ya Mbeya kwenda Iringa tangu nilipoolewa, na sasa nikawa naiangalia kwa macho mengine. Mbeya mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda na wodi zake za wazazi pale Meta, na Mbalizi kuna Ifisi. Ukishuka uwandani unakuta Chimala. Ukiendelea kuna Ilembula upande wa Njombe, halafu Makambako, Mafinga, Tosamaganga, Iringa mjini, na ukivuka mji unafika Ilula. Katikati yake kuna vituo vya afya na zahanati, na vingi ni vipya. Kila kitanda kinahitaji shuka lililotandikwa, lililo kwenye kufuliwa na la akiba. Kwetu, kwenye baridi ya mwezi wa sita na wa saba na katika miezi ya masika, shuka huchukua muda mrefu kukauka, kwa hiyo akiba inahitajika zaidi.

Nikaanza kuuliza badala ya kutangaza. Mfuaji mmoja mzee wa upande wa Iringa, tulipokwisha kusalimiana kamwene, aliniambia jambo ambalo hakuna muuza vitambaa aliyewahi kuniambia: "Mama, shuka halifi katikati, linafia pembeni." Alinionyesha jinsi klorini na kamba za kuanikia zinavyokula pindo. Tangu siku hiyo napiga pindo pana, mistari miwili ya uzi imara, na shuka zangu zinadumu.

Niliona pia mipaka yangu, na hii naomba uisikie vizuri. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulionyesha maambukizi ya VVU miongoni mwa watu wenye miaka 15 na zaidi kuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Kwa hiyo huku kwetu glavu na aproni ni ngao ya kila siku ya muuguzi na mkunga. Lakini glavu si kazi ya fundi cherehani. Bohari ya Dawa imejenga kiwanda cha glavu Idofi, Makambako, katikati kabisa ya barabara yetu, na kazi ile inataka mitambo mikubwa. Shashi na bendeji za vidonda nazo ni vifaa tiba vilivyo chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na asiye na maandalizi asijaribu kuvifungasha chumbani kwake. Kilicho chetu sisi wadogo ni kingi: shuka, gauni, vitambaa vya kufungia, mapazia ya wodini, aproni, mifuko ya nguo chafu, nepi za watoto wachanga, taulo za kike za kufua.

Hizo taulo za kike zilinifundisha unyenyekevu kwa mara nyingine. Mwaka 2018 Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi, na mwaka 2019 ikairudisha kwa maelezo kwamba bei haikumshukia mtumiaji. Nilipozifuatilia habari hizo nikaona kwamba msichana wa kijijini anahitaji kitu anachoweza kukinunua mara moja na kukitumia muda mrefu. Nikashona taulo nene, nzuri kwa macho, nikazipeleka shule moja ya Mufindi. Matroni aliniita pembeni akaniambia wasichana hawazitumii. Mufindi ni ukungu na mvua. Taulo nene haikauki, na msichana kwa aibu anaianika chini ya godoro, kisha anaivaa ikiwa na unyevu. Safari hii sikubishana. Tulikaa na wasichana wenyewe, wakaniambia wanataka rangi nyeusi au ya kahawia, na taulo inayofunguka ikawa kitambaa bapa, ikauke upesi na ikianikwa juani isijulikane ni nini. Hiyo ndiyo tunayoshona hadi leo.

Sasa tuko kikundi cha wanawake. Kwa barua ya utambulisho ya SIDO tuliomba alama ya ubora ya TBS. Wakaguzi walitukosoa mara kadhaa, tukarekebisha kila walichotuambia, na hatimaye tukaipata. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inazitaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na zabuni siku hizi zinapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST. Mimi kompyuta inanishinda. Anayeingia kwenye mfumo kwa niaba yetu ni yule binti wa tabaka tatu, na ndiye anayekagua kila mzigo kabla haujatoka. Akisema gauni hili lirudiwe, linarudiwa, hata kama lilishonwa na mimi.

Shida hazijaisha. Malipo ya taasisi huchelewa, na fundi mwenye mtaji mdogo anaweza kuvunjika kabla hundi haijafika. Kitambaa cha bei ya chini bado kinauzwa Kariakoo, na kila ninapokwenda kununua mzigo nakiona. Kuna siku, malipo yakiwa yamechelewa, mkono wangu unakwenda kukishika. Nasema hivi ili usidhani kwamba nimebadilika nikawa mtu asiyejaribiwa. Kinachonisaidia ni kwamba sina tena siri: kikundi kinajua nilikotoka, na nimewaomba waniulize kila mara nimenunua nini na kwa nini.

Ndugu yangu unayesoma, labda uko pale nilipokuwa. Labda una deni, umeona hospitali zina mahitaji, na mtu amekwambia kuna oda. Nenda, maana kazi ipo, na ni kubwa kuliko sisi tunaoifanya. Ila kabla hujanunua kitambaa, mwombe sista wa wodi akuonyeshe kitakapolala. Zungumza na mfuaji, maana yeye ndiye anayejua kinachochakaa na sababu yake. Shona kimoja cha majaribio, wakifue wao kwa dawa zao na mvuke wao, kisha ukione tena. Omba malipo ya awali, wala usichukue oda inayozidi mtaji wako. Na kama umeshapeleka kazi mbaya mahali, rudi ukaiseme kabla hujaitwa. Mimi nilingoja niitwe, na ni kwa neema tu niliyemkuta pale alikuwa mama yule.

Sista alistaafu, na kila nikipita kumsalimia bado ananiuliza kama nafua kitambaa kabla ya kukata. Namshukuru Mungu kwa ajili yake. Nawashukuru mume wangu, wenzangu wa kikundi na binti yetu. Nawashukuru pia wale mafundi na wafuaji nisiowajua, ambao kazi yao ilinilinda nilipokuwa mezani mimi na mwanangu. Kazi yetu ya leo naifanya kwa ajili ya mama mwingine ambaye na yeye hatatujua.